Shajara ya Kubadili Soketi na Plagi katika Kituo cha Watoto, Uyole, Mbeya

4 Mei 2024: Sababu ya kuanza

Kituo chetu kiko Uyole, katika nyumba ya zamani yenye vyumba vitano. Vyumba vitatu ni vya watoto wa miaka miwili hadi mitano, kimoja ni jiko, na cha tano wanakitumia kina mama wanaoshona sare za shule. Soketi ni 14, zote za matundu matatu ya pembe nne, na zote zimefungwa ukutani kwa kimo ambacho mtoto wa miaka mitatu anakifikia bila kunyoosha mkono.

Mambo mawili yametokea ndani ya wiki moja. Jumatatu mpishi wetu alishika birika la umeme kwa mkono mmoja na bomba la maji kwa mkono wa pili, akapigwa shoti iliyomwachia ganzi hadi begani. Alhamisi nilimkuta mtoto wa miaka minne amepiga magoti mbele ya soketi ya chumba cha kati, ametulia kabisa, akichomeka penseli katika tundu la juu. Nilimwuliza anafanya nini. Akajibu, "Nachaji simu, Mwalimu." Mchezo huo hakuubuni yeye. Kila chaja ya miguu miwili ya mviringo katika nyumba hii huingizwa hivyo hivyo: mtu mzima anachokonoa tundu la juu kwa kalamu, matundu ya chini yanafunguka, chaja inaingia. Mtoto alitutazama, akajifunza.

Ninaandika shajara hii ili kituo kingine chenye nyumba kama yetu kiweze kufuata hatua zetu bila kurudia makosa yetu. Kazi yote ya ndani ya kuta inafanywa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Mimi ninashika tochi, ninaandika vipimo na ninafunga plagi. Kabla ya soketi yoyote kufunguliwa, meni swichi inazimwa, boksi lake linafungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa fundi, na hata hivyo fundi anapima kwa maltimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kabla ya kugusa waya.

11 Mei 2024: Tulichokikuta

Kabla ya kununua chochote tulikagua. Fundi alifungua soketi 13. Ile ya 14 imejibana ubavuni mwa kabati kubwa la vitambaa katika chumba cha ushonaji. Mkono unapita lakini bisibisi haipiti, kwa hiyo aliipima kwa kipima soketi chenye taa tatu tu. Taa ziliwaka kama zinavyotakiwa kuwaka kwenye soketi nzima, tukaiacha. Naomba msomaji aikumbuke soketi hiyo.

Soketi ya kwanza kutolewa niliifungua mezani mbele ya walezi wote, kwa kuwa niliona katazo la kalamu halitadumu iwapo watu hawajaona kalamu inaharibu nini. Nyuma ya uso wa soketi kuna kipande cheupe cha plastiki, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kinachoshikwa na springi nyembamba kama ya kalamu ya kubofya. Kipande hicho ndicho mlango. Kikiwa kimetulia kinaziba matundu mawili ya chini, yaani la waya wa moto, unaoleta umeme, na la nyutro, unaourudisha. Upande wake wa juu una mteremko mdogo unaolitazama tundu la ethi, yaani la waya wa usalama unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Pini ya ethi inapoingia inausukuma mteremko huo, kipande kinateleza, na matundu ya chini yanakuwa wazi.

Pini ya ethi ina urefu wa mm 22.7, na pini mbili za chini zina urefu wa mm 17.7. Tofauti hiyo ya milimita tano inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inafungua mlango kabla pini za chini hazijafika, na inahakikisha kwamba ethi ndiyo inayogusana kwanza plagi inapoingia na kuachana mwisho plagi inapotoka. Kwa hiyo hakuna hata nukta moja ambapo birika lina moto bila kuwa na ethi, mradi ethi yenyewe ipo ukutani.

Muundo huu ulitolewa Uingereza mwaka 1947 katika kiwango kinachoitwa BS 1363. Kamati iliyofanya kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyopendekeza, mwaka 1944, soketi mpya kwa ajili ya nyumba za baada ya vita, na miongoni mwa mapendekezo yake ulikuwamo mlango wa kuwakinga watoto wadogo. Mwanamke pekee katika kamati hiyo alikuwa mhandisi Caroline Haslett. Niliwaeleza walezi hayo kwa makusudi, ili wajue kwamba mlango ule uliwekwa tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya mtoto kama yule wetu wa chumba cha kati.

Kalamu moja haivunji kitu. Kalamu za miaka mingi zinachosha springi na kulamba mteremko, na chaja inayoingizwa kwa njia hiyo inaongeza madhara mengine. Pini za chini za plagi yetu ni bapa, upana wake mm 6.35, na zimeachana kwa mm 22 hivi. Pini za chaja ni za mviringo, zimeachana kwa chini ya mm 19. Zinaingia kwa kulazimishwa, zinapanua midomo ya shaba iliyo ndani ya soketi, na siku ya pili plagi halali inapochomekwa mahali pale pale inakuta midomo imelegea.

Matokeo ya ukaguzi ni haya. Soketi tano zilikuwa na mlango uliokwama wazi au uliokatika springi. Nne hazikuwa na ethi inayofanya kazi, kwa sababu waya wa kijani ulikuwa umekatwa nyuma ya boksi, na katika mbili kati ya hizo mtu wa zamani alikuwa ameunganisha skrubu ya ethi na skrubu ya nyutro kwa kipande kifupi cha waya, kana kwamba hilo linatosha. Soketi ya jikoni, inayotumiwa na birika, haikuwa na ethi kabisa. Mbili nyingine zilikuwa zimegeuzwa moto na nyutro, na ni rahisi kuelewa ilivyotokea: sehemu moja ya nyumba ina waya za zamani, yaani nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi, ilhali sehemu iliyoongezwa baadaye ina kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Kugeuza si jambo dogo. Swichi ya soketi na fyuzi ya plagi vimewekwa upande wa moto. Waya ukigeuzwa, mtu anazima swichi, mashine inanyamaza, lakini moto bado umo ndani yake.

Jambo lililoninyima usingizi usiku huo ni kwamba soketi zote 13 zilikuwa zinafanya kazi. Soketi isiyo na ethi inachemsha maji sawasawa na yenye ethi, na soketi isiyo na mlango inachaji simu sawasawa na yenye mlango. Ulinzi unaweza kutoweka wote na mtumiaji asipungukiwe na kitu chochote hadi siku ya ajali.

18 Mei 2024: Hasara ya kwanza

Fundi alishauri tubadili soketi zote 13 badala ya kuchanganya mbovu na nzima. Nilinunua mjini, katika duka moja la vifaa vya umeme, soketi 13 kwa sh 3,500 kila moja na plagi 12 kwa sh 1,000 kila moja. Fundi alikuwa amenitajia bei ya juu zaidi, lakini niliamua kuokoa fedha. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya.

Soketi sita zilikuwa zimeshafungwa wakati fundi, umeme ukiwa bado umezimwa, alipochukua bisibisi nyembamba na kusukuma tundu moja la chini la mojawapo. Mlango ulifunguka. Soketi iliyotengenezwa ili ifunguliwe na pini ya ethi haitakiwi kukubali hivyo. Akajaribu zote sita, na nne zikafunguka. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hizi ni sura ya soketi tu."

Tukazigeukia plagi. Tulichukua sumaku kutoka spika mbovu ya redio na kuikaribisha kwenye pini: zilinasa. Shaba nyeupe, yaani brasi, hainaswi na sumaku. Hizi zilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Pini nne za ethi zilikuwa na ganda la plastiki nyeusi kwenye shina, na hapa ninaomba msomaji awe mwangalifu, kwa sababu ganda hilo ni jema mahali pake na ni baya mahali pengine. Kwenye pini za moto na nyutro linatakiwa. Kiwango cha Uingereza kinalidai tangu mwaka 1984, ili kidole kidogo kikipenya kati ya ukuta na plagi iliyochomoka nusu kisiguse chuma chenye moto. Kwenye pini ya ethi halitakiwi, maana linaweza kuziba sehemu inayopaswa kugusana na shaba ya soketi. Tulizichomeka zile nne na kupima kwa maltimita, na mbili hazikugusana na ethi hata kidogo. Mwisho tulivunja fyuzi moja kwa nyundo. Fyuzi halisi ya plagi hizi imejazwa mchanga unaozima cheche waya wake unapokatika. Ndani ya hii mlikuwa na unywele wa waya na hewa.

Duka lilipokea soketi saba ambazo hazijafunguliwa. Hasara: soketi sita na plagi zote, sh 33,000. Nilinunua upya soketi 13 kwa sh 9,000 kila moja na plagi 12 kwa sh 3,000 kila moja, na safari hii nilikwenda dukani na sumaku mfukoni. Alama ya kiwango nyuma ya soketi inaweza kughushiwa, kwa hiyo tulizipima zote kabla ya kufunga.

25 Mei 2024: Soketi mpya, plagi mpya

Soketi 13 zimefungwa, moto na nyutro zimerekebishwa, vipande vya waya vilivyounganisha ethi na nyutro vimetolewa. Hapakuwa na tatizo.

Tatizo lilikuwa kwenye plagi, na nililisababisha mimi. Plagi tatu za kwanza nilikata waya zote kwa urefu mmoja, nikaona zimependeza. Fundi alishika plagi ya pasi kwa mkono mmoja na waya kwa mkono wa pili, akavuta kwa nguvu kama anavyovuta mtu anayechomoa pasi akiwa mbali nayo. Waya uliteleza kwenye kibanio, kwa kuwa nilibana nyaya za rangi zilizo ndani badala ya gamba la nje, na wa kwanza kuchomoka ulikuwa wa kijani na njano. Pasi ingeendelea kupata moto bila ethi.

Sasa ninafuata utaratibu huu. Kibanio kinabana gamba la nje la waya. Waya wa kahawia unakuwa mfupi kuliko wote na unanyooka moja kwa moja hadi kwenye fyuzi. Wa ethi unakuwa mrefu kuliko wote na unapinda kidogo ndani ya plagi, ili kibanio kikishindwa siku moja, moto uachie kwanza na ethi iachie mwisho. Hata waya kutokea chini ya plagi badala ya nyuma yake ni sehemu ya ulinzi, kwani unalala kando ya ukuta na haumpi mtu mahali pazuri pa kuuvuta.

Kuhusu fyuzi, kina mama walikuwa wameziwekea cherehani zote fyuzi ya ampea 13, na katika plagi ya pasi nilikuta fyuzi iliyoungua ikiwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi inalinda waya wa kifaa usiungue. Haimlindi mtu asipigwe shoti, maana mtu anauawa na umeme mdogo mno kuikata fyuzi. Cherehani ya wati 100 haifikii hata nusu ampea, kwa hiyo waya wake mwembamba unahitaji fyuzi ya ampea 3, yenye rangi nyekundu. Pasi ya wati 1,200 inatumia ampea 5 na kidogo, na birika la wati 2,000 linatumia 8.7, hivyo viwili vinapata ile ya kahawia ya ampea 13. Nimenunua fyuzi nane za ampea 3 kwa sh 4,000.

8 Juni 2024: Ethi

Waya wa ethi ukutani hauna maana kama hauishii ardhini. Tulifukua nyuma ya jiko na kukuta ethi ya nyumba nzima ni kipande cha nondo chenye urefu wa sm 60, kimeliwa na kutu hadi kuwa chembamba kama kidole kidogo. Kipimo cha ethi tulichokodi kwa sh 15,000 kilisoma omu 310; omu hupima ukinzani, na kadiri zinavyopungua ndivyo ethi inavyokuwa bora.

Fundi alinifanyia hesabu kwenye boksi la soketi. Volti 230 ukizigawa kwa omu 310 unapata ampea 0.74. Huo ndio umeme utakaoshuka ardhini moto ukigusa mwili wa birika, na breka ya ampea 20, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi kiasi hicho, haitausikia kamwe. Birika litakaa na moto mchana kutwa likimsubiri wa kuligusa.

Tulinunua fimbo mbili za chuma kilichovikwa shaba, za m 1.2, tukazipiga nusu mita moja kutoka nyingine kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi karibu na ukuta. Fimbo ya kwanza peke yake ilisoma omu 118. Zote mbili pamoja zilisoma 101. Tulitarajia karibu nusu. Fundi alieleza kwamba fimbo zilizokaribiana zinagombania udongo ule ule. Tuliing'oa ya pili, kazi iliyochukua saa mbili, tukaipiga m 3 mbali, karibu na mfereji wa maji ya jikoni ambako udongo una unyevu. Kipimo kikashuka hadi omu 61. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano wenye vijiwe vyepesi, na maji hupita ndani yake haraka, kwa hiyo mahali pa kupiga fimbo panahitaji kutafutwa. Jirani alishauri tumwage chumvi na mkaa. Fundi alikataa chumvi, kwa kuwa inaila fimbo na mvua za msimu mmoja zinaiondoa.

Tulivuta pia mita 30 za waya wa ethi hadi kwenye soketi nne zilizoikosa. Katika chumba cha ushonaji tulikuta ncha ya waya wa kijani wa zamani unaoelekea soketi ya 14. Tuliiunganisha.

22 Juni 2024: Soketi ya 14

Hata kwa omu 61, umeme wa hitilafu ni ampea 3.8 tu, na breka bado haikati. Nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe inahitaji swichi inayokata umeme unapovuja, ile ambayo mafundi wengi wa hapa bado wanaiita ELCB. Yetu ni ya miliampea 30 na imegharimu sh 65,000. Inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Viwili hivyo vikitofautiana kwa kiasi hicho, maana yake ni kwamba umeme umepata njia nyingine, pengine mwili wa mtu, nayo inatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.3.

Ilifungwa saa nne asubuhi. Ilikaa vizuri hadi mama mmoja alipokanyaga pedali ya cherehani yake, ikakata. Tukaiwasha, akakanyaga, ikakata. Fundi alizima breka zote na kuziwasha moja moja, akitafuta chumba chenye kosa, na jambo hilo likatupoteza kwa saa nne, maana ilikata tulipowasha jiko, ikakata tulipowasha chumba cha kati, na ikakata hata breka ya chumba cha ushonaji ilipokuwa imezimwa. Tulishuku cherehani, tukashuku swichi yenyewe, tukafikiria kuirudisha dukani.

Sababu ni kwamba breka za kawaida zinakata waya wa moto peke yake. Nyutro za vyumba vyote zinabaki zimeungana kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo nyutro iliyogusana na ethi mahali popote inaendelea kuvujisha hata breka yake ikiwa imezimwa. Saa nane na nusu fundi alizima meni swichi, akazichomoa nyutro zote kwenye mhimili, na kupima kila moja dhidi ya ethi. Tatu zilikuwa safi. Ya chumba cha ushonaji ilisoma karibu sufuri.

Watu watano tulilisogeza kabati. Soketi ya 14 ilifunguliwa, na nyuma yake palikuwa na kipande cha waya mweusi, kirefu kama njiti ya kiberiti, kilichotoka skrubu ya nyutro hadi skrubu ya ethi, kimekazwa vizuri kabisa na mtu aliyejua kutumia bisibisi. Kwa kuwa ethi ya soketi ile ilikuwa imekatwa njiani, kipande hicho kilikaa kimya kwa miaka. Tulipouunganisha waya wa kijani tarehe 8 Juni tulikipatia njia ya kufika ardhini.

Taa tatu za kipima soketi hazikutudanganya. Sisi ndio tulioziuliza swali lisilo lao. Kifaa hicho kinalinganisha volti kati ya matundu matatu, na ethi iliyofungwa kwenye nyutro inaonekana kwake sawasawa na ethi halisi. Hatari yake ni hii: waya wa nyutro ukikatika popote kabla ya soketi, moto unapita ndani ya mashine, unavuka kipande kile, na unafika kwenye mwili wa chuma wa cherehani ambao mama ameuegemea kwa mikono miwili. Sasa hatuiamini soketi yoyote ambayo haijafunguliwa. Soketi mpya ya 14, sh 9,000.

Jioni, swichi ikiwa imetulia, fundi aliomba birika lililompiga shoti mpishi. Alilichomeka, akaliwasha kwa ncha ya kidole. Swichi ilikata kabla taa ya birika haijawaka. Waya wa kupashia maji uliomo ndani ya birika ulikuwa umepasuka gamba na kuvuja, tangu Mei na pengine kabla ya hapo. Mpishi alisimama mlangoni, mkono juu ya bega lake, asiseme neno. Birika limekatwa waya ili asije mtu akaliokota na kulitumia, na jipya limenunuliwa kwa sh 35,000.

Niliwaeleza walezi pia kile ambacho swichi hii haikioni. Mtoto akishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, umeme unaotoka na unaorudi unalingana, nayo itadhani ni taa inawaka. Hapo hana mlinzi mwingine zaidi ya mlango wa soketi.

13 Julai 2024: Baridi, hita na vifuniko

Mwezi huu ndio wa baridi kali kwetu, na walezi walileta hita ya wati 2,000, wakaichomeka kwenye ekstensheni ya matundu yanayopokea plagi za kila aina. Siku ya tatu tulisikia harufu ya plastiki. Tundu lilikuwa limelainika, na plagi ilitoka na nyuzi za plastiki kama ugali wa moto unaovutika kwenye mwiko.

Hakuna breka, fyuzi wala swichi ya kuvuja iliyokata, na hakuna iliyopaswa kukata, kwa sababu umeme ulikuwa ampea 8.7 zile zile za kawaida. Tundu linalotaka kupokea pini za kila umbo haliikumbatii hata moja. Mguso legevu wenye ukinzani wa nusu omu tu, ukipitisha ampea 8.7, unatoa joto la karibu wati 38, kiasi cha pasi ya kulehemu ya fundi redio, ndani ya plastiki. Hita sasa inachomekwa ukutani moja kwa moja, na ekstensheni za aina hiyo zimeondolewa zote.

Kwa chaja tumenunua adapta sita za miguu mitatu zenye fyuzi, sh 4,000 kila moja, na zimefungwa kamba kwenye rafu ya juu ambako simu zote zinachajiwa. Nimegundua kwamba kalamu hazikuondoka kwa sababu ya maelezo yangu ya Mei. Ziliondoka siku adapta zilipofika.

Mzazi mmoja, kwa nia njema, alituletea vifuniko vya plastiki vya kuziba soketi. Tulivijaribu kwa wiki moja. Kipo kilichokuwa chembamba kikawa kinachomolewa na mtoto kwa vidole viwili. Kingine, mtoto alikigeuza juu chini, akakichomeka mguu wa ethi peke yake katika tundu la juu, na kifuniko kikaning'inia hapo huku matundu ya chini yakiwa wazi kabisa. Kitu kilichokusudiwa kufunga mlango kilikuwa kimekuwa ufunguo wake. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2016 Idara ya Afya ya Uingereza ilizielekeza hospitali na huduma zake ziache kuvitumia. Tumemrudishia mzazi kwa shukrani na maelezo.

12 Oktoba 2024: Kipimo cha kiangazi na gharama

Haijanyesha tangu Mei. Tulikodi tena kipimo cha ethi, na zile omu 61 za Juni sasa ni 148. Aliyepima mara baada ya mvua peke yake amepima nyumba nyingine. Kwa swichi ya miliampea 30 bado tuko salama, kwa kuwa hata ethi ya omu 1,600 ingeiwezesha kukata kabla mwili wa kifaa haujapita volti 50; lakini bila swichi hiyo kipimo cha leo kingekuwa cha kutisha. Kitufe chake cha kujaribia kinabonyezwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na hadi leo imekata kila mara. Milango ya soketi zote 14 imekaguliwa; hakuna uliokwama.

Gharama hadi leo, kwa shilingi: hasara ya vifaa vya bandia 33,000, soketi, plagi na fyuzi 166,000, fimbo, vibanio vyake na waya mnene wa ethi 134,000, waya wa ethi wa ndani 45,000, swichi ya kuvuja 65,000, kukodi kipimo mara mbili 30,000, adapta 24,000, birika 35,000, na fundi, siku sita kwa 40,000, 240,000. Jumla ni 772,000.

Fimbo ya tatu itapigwa upande wa pili wa mfereji mara mvua za Novemba zitakapolainisha ardhi, na kipimo chake kitaandikwa hapa, cha masika na cha kiangazi.